Sonde imepanda safi

Bandugu, leo nimesikia baridi mu jua kali la Kampemba.

Kazi yangu ni kushusha sonde mu shimo nyembamba, ile chuma murefu yenye kupima kama jiwe iko na matundu ama iko nguvu. Ndani iko radioaktifu, inaunguzaka muntu bila moto. Hakuna mwenye kuigusa na mikono. Kila mara inapandaka na matope, na Papa Ilunga, mwenye kushika kamba, anaipanguzaka na kilamba chenye amefunga ku muti murefu.

Tunapimaka mara mbili, njo desturi ya kazi.

Asubuhi, ku metre makumi mbili: jiwe nguvu kabisa.

Tukakula bukari.

Mara ya pili, pale pale: utupu. Jiwe hakuna!

Nikakasirika: "Papa, umehesabu kamba mubaya!"

"Mutoto yangu, angalia alama."

Nikaangalia. Kamba ilikuwa sawa.

Kisha ikalegea yenyewe, sawa vile muntu kule chini anabeba uzito wa sonde. Ikakaza tena.

Tukapandisha mbio mbio. Papa Ilunga akasogea na kilamba yake, akasimama.

Sonde ilikuwa safi. Hakuna matope hata kidogo.

Bakubwa ba kazi banasema chini hakuna muntu.

Franchement, miye naandika hii juu ya ninyi benye kuwa na ndugu anachimbaka madini chini ya udongo upande ule wa Kampemba. Mumuulize kama leo amepanguza chuma na mikono yake.

Akisema ndiyo, mumupeleke hospitali sasa hivi.