Aliyetubishwa Akiwa Jenezani

Mama mmoja wa Kirushya, wilayani Ngara, aliyeniuzia maharage sokoni Kabanga kwa miaka mingi, amefariki. Nilipigiwa simu nikiwa nyumbani Biharamulo, nikafunga safari siku hiyohiyo kwa sababu nilimpenda, na nimerudi kutoka mazishini na hasira ambayo sijui niimwage wapi isipokuwa hapa. Msomaji uliyezoea kufungua safu hii upate kucheka kidogo, leo uniwie radhi. Nitamsema marehemu kwa wema, kisha nitawasema waliomzika, na wakinuna wanune.

Nilipomfahamu alikuwa ameshaacha kwenda kanisani. Wanasoko walinong'ona juu yake, nami kwa umbea wangu wa uandishi nikamwuliza sababu. Akaniambia kwamba Jumapili moja wazee wa kanisa lake walimsimamisha binti mjamzito mbele ya watu wakamtaka amtaje mwanamume. Yeye alikuwa kwenye kwaya ya akina mama, mstari wa mbele. Alijifunga kitenge chake vizuri, akapita katikati ya mabenchi, akatoka kwa mlango mkubwa wala hakurudi tena. "Nilikwenda kusali, mwanangu, nikakuta kesi," aliniambia huku akijaza debe. "Na kesi yenyewe mshtakiwa haruhusiwi kujitetea." Mara nyingine mhubiri mwenye spika alisimama mbele ya meza yake, pale wanapokaa wabadilisha faranga za Burundi, akamnyooshea kidole na kumwuliza kama ameokoka. "Bado," akajibu mama, "nangoja kwanza uzime hiyo spika." Wabadilisha fedha walicheka mpaka wateja wao wakasahau walichofuata.

Nawajua watu wanaosema "mimi nina Mungu wangu moyoni" kwa kuwa tu Jumapili wanapenda kulala. Hao siwatetei. Ukiwauliza huyo Mungu wao wa moyoni amewaagiza nini wiki hii, hawana jibu, maana hawamwachii hata nafasi ya kusema. Hata huyu mama nilimdhania hivyo, mpaka safari moja nilipokosa basi nikalala kwake. Alfajiri nilimkuta ameketi kizingitini pa jiko, viganja wazi juu ya magoti, kimya. Ghafla akaguna kama mtu aliyekemewa, akachukua jembe akashuka bondeni. Aliporudi jua lilikuwa limeshachomoza na kitenge chake kimejaa udongo. Kumbe jana yake aligombana na jirani kwa ajili ya mbuzi, na sasa alikuwa ametoka kumpalilia huyo jirani maharage yake. "Imana huwa hanisikii nikiwa nimenuna na mtu," alisema, maana hilo ndilo jina la Mungu kwenye vilima vile. "Nimejaribu, mwanangu. Hanisikii kabisa." Kisha akarudi kizingitini kuketi tena. Nionyesheni mzee mmoja wa kanisa lile aliyewahi kumpalilia mtu waliyegombana naye, nami nitafuta makala haya yote.

Wiki yake ya mwisho nilikwenda kumwona. Alikuwa akiuguzwa na mwanawe, mwalimu wa kwaya katika kanisa lilelile. Tukiwa hapo wakaingia wazee wa kanisa, wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuwakaribisha viti. Kiongozi wao akasema, "Mama, tumekuja kukurudisha nyumbani. Wewe tamka tu kwamba umetubu, tukuombee, mambo yaishe." Mgonjwa akamtazama kwa upole. "Mbona nyumbani ndipo hapa nilipo? Na Mungu wangu tumeshaongea asubuhi. Ninyi kunyweni chai." Chai hawakuinywa. Wakiwa mlangoni nilimsikia kiongozi akimwambia yule mwana, "Asipotubu, kaburi ujue utachimba mwenyewe."

Asiyekaa huku hatauona upesi uzito wa maneno hayo. Zamani kaburi lilichimbwa na kilima kizima. Mhangaza wa hapo, Mrundi aliyekuja na familia yake wakati wa vita, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake na matambiko yake, kila aliyesikia kilio alibeba jembe akaja, na hakuna aliyeuliza maiti alisali wapi. Siku hizi jumuiya za sala zimeshika kila kitu cha msiba: masufuria, turubai, mabenchi na vijana wenye nguvu. Zilianza kwa wema, kusaidiana, nami sikatai. Lakini wema ule umegeuka fimbo. Asiyehudhuria jumuiya anaambiwa ajizike, na majirani wengine, hata wasio wa kanisa hilo, wamezoea kusubiri jumuiya iseme ndipo wanyanyuke.

Siku ya mazishi nilifika jua limeshapanda na ardhi haijaguswa. Jeneza lilikuwa sebuleni. Majembe yameegemezwa ukutani, na wenye majembe wamekaa mgombani wakitazama chini, wanaume wazima niliokuwa nikiwaona wakila maharage ya kuchemsha kwa huyu mama bila kulipa chochote. Nami nikakaa kando yao. Wazee walimwita mwanawe nyuma ya jiko. Walikaa huko kitambo. Aliporudi alisimama mbele ya waombolezaji, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mama yangu alitubu. Kabla hajakata roho alinishika mkono, akatubu, akaomba kanisa limsamehe." Hapo vigelegele vikapasuka na haleluya zikafuata, na wale wanaume wakarukia majembe kana kwamba wamefunguliwa kamba. Alasiri alikuwa kaburini kwa nyimbo zote na mahubiri marefu, na kila kilichohubiriwa kilimhusu mwanamke mwingine ambaye sijawahi kumwona.

Baada ya kuzika nilimfuata yule mwana. "Alisema hivyo kweli?" Akatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Aliomba maji tu." Kisha akalia kwa kwikwi, mkono mdomoni asisikike. "Ulitaka nimzike na nani? Mimi na wewe tungelibeba jeneza mpaka kule juu?" Simlaumu. Alilazimishwa kuchagua kati ya kumsingizia mama yake na kumwacha aoze ndani, naye alichagua kama ambavyo mtoto yeyote angechagua. Tukiwa bado tumesimama, kiongozi wa wazee akaja amechangamka, akanishika bega. "Umeona, mwandishi? Mwisho amerudi. Jumapili tutamtolea mfano, na wale wengine waliotoroka wasikie." Nikamwambia, "Mzee, unajua hakutubu. Wewe ndiye uliyemfundisha kijana la kusema." Hakushtuka hata kidogo. "La muhimu," akasema, "watu wamesikia." Waswahili walisema kufa kufaana, lakini sikujua kwamba hata ukaidi wa marehemu unaweza kuvunwa.

Kanisa lina haki ya kusema nani akae kwenye mabenchi yake, na nani aimbe, na nani apokee Meza ya Bwana. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na watu wanaoshindwa kumshawishi mwanamke mgonjwa akiwa hai, kisha wanangoja anyamaze milele ndipo wamshinde. Na ugomvi wangu mkubwa zaidi ni na sisi majirani, tuliokaa mgombani tukisubiri ruhusa. Wazee wale walikuwa wachache. Wangefanya nini kama tungeinuka tu tukaanza kuchimba? Yule mwana asingelazimika kufungua mdomo. Tulimtwisha uongo utakaomsumbua maisha yake yote, kwa sababu tuliogopa kuonekana tumemzika mtu asiye na kadi ya sala. Wewe unayenisoma ukiwa Ngara, au Biharamulo, au popote penye vilio, imani ya jirani yako mjadili naye angali hai, hata mkigombana mpaka jioni. Akishakufa usiulize. Kaburi huchimbwa kwa sababu mtu amekufa, na hiyo peke yake inatosha.