Nyuma ya Ua wa Matete, Mkwe Anasubiri Jibu

Saa moja asubuhi, katika kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Kamina, Mama Phébé Kapenda anapuliza makaa ndani ya pasi yake. Sare za kaki zimerundikana mezani, zimekwisha kutiwa wanga wa muhogo na kunyunyiziwa maji. Anagusa chuma kwa kidole kilicholowa. Kinachachatika. Anaanza na kola.

Mara sauti ya mwanamume inasikika nyuma ya ua wa matete. Mama Phébé anaacha pasi, anavuta kitambaa cha kichwa mpaka puani na kugeukia ukuta.

"Valérie," inasema sauti, "ambia nkambo yako bonjour."

Valérie, mjukuu wa miaka minne, anainuka kutoka vumbini. "Nkambo, baba anasema bonjour."

"Ambia baba yako: aksanti, tumelamuka."

"Ambia nkambo: banatuma minyi kazi ku Kaniama. Siku ya mposho nitaenda, na weye nitakubeba."

Mposho ni Jumamosi, siku ambayo kambi nzima inagawiwa unga. Mtoto anaruka. "Nkambo! Tutapanda gari-moshi!"

Bibi anashika ukingo wa meza. "Ambia baba yako: mutoto angali anakojoa ku kitanda."

"Minyi?" Valérie anajishika kifua, anakunja uso. "Siambii ile!"

Lakini nyuma ya matete kumeshasikika. "Ambia nkambo: hata minyi nilikojoaka, mpaka ku masomo bananicheka."

Mabega ya Mama Phébé yanatikisika, kwa kicheko kwanza. Kisha si kicheko tena.

Mwanamume huyo ni Éliézer Kalombo, mfunga breki wa treni za mizigo. Ndiye baba wa Valérie, na alimwoa Clémentine, binti wa pekee wa Mama Phébé. Kwa desturi ya watu wao, mkwe na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawakai chini ya paa moja. Si chuki. Ni heshima.

Heshima hiyo ina mwisho wake. Akizaliwa mtoto wa kwanza, baba huleta mbuzi, mama mkwe humpika, na wawili wanakula sahani moja. Tangu hapo ni mama na mwana.

Mbuzi wa Valérie hakuletwa.

Siku chache baada ya kujifungua, Clémentine alishikwa na homa kali. Muuguzi alikuja akafanya alivyoweza, akaondoka ameinamisha kichwa. Wakampelekea Éliézer habari stesheni. Akaja mbio.

Nyumba za kambi zina chumba kimoja na mlango mmoja. Mama mkwe alikuwa ndani, ameshika mkono wa mwanawe. Éliézer akasimama uani, kwenye lupango kama wanavyouita hapa. Kuingia hakuweza, na mama naye hakuweza kutoka bila kupita machoni pake. Jirani yao, Suzanne Kanku, akakimbia kwake kutafuta nguo ya kutanda katikati, ili mmoja atoke na mwingine aingie.

"Kurudi na kikwembe, nasikia Mama Phébé analia," anasema Suzanne. "Nikajua. Ile kikwembe nikamufunika nayo marehemu."

Tangu siku hiyo neno la mbuzi halikutajwa. Nani angeanza? Éliézer aliona aibu kupeleka karamu mahali pa msiba, na mama mkwe hadai. Mtoto akakua kwa bibi, na wanga na makaa vikamlisha: suruali moja iliyonyooshwa inapata kopo la unga, si zaidi.

Sasa Éliézer ameoa tena. Mke mpya anaitwa Germaine, na Mama Phébé hana neno baya juu yake. "Iko muntu wa kusali," anasema. "Mutoto hatateswa."

Basi anaogopa nini?

"Mutoto ni wa baba yake, minyi sikatai. Lakini ku Kaniama nitalala mu nyumba ya nani? Mama mukwe halali kwa mukwe yake. Akipanda ile gari-moshi, njo basi. Nitasikia tu kama alikomaa, kama aliolewa."

Suzanne amemshauri amfiche mtoto kwa ndugu zake kijijini. Mama Phébé amekataa. "Nitamuiba kwa baba yake, halafu nitasali namna gani?"

Alasiri Éliézer anarudi kuchukua jibu. Mchana kutwa Mama Phébé amepiga pasi huku midomo yake ikicheza kwa maombi. Anageukia ukuta.

"Valérie, ambia baba yako: habebe mutoto kama hajaleta mbuzi."

Valérie anakimbilia kwenye matete. "Baba, nkambo iko na njaa ya nyama!"

Suzanne, aliyesimama mlangoni kwake, anacheka hadi anaketi chini. Nyuma ya matete hakuna anayecheka. Sauti inakuja, imeshuka. "Ambia nkambo... nilizani hatanipokea."

"Ambia baba yako: alete."

"Ambia nkambo: asubuhi ya mposho, mbele ya gari-moshi kuondoka."

Hivyo Jumamosi Valérie ataondoka, na nyumba ya chumba kimoja itabaki na pasi na mwenye pasi. Wakati wa mavuno ya mahindi, Mungu akipenda, Mama Phébé atakwenda Kaniama na kuingia kwa mkwe wake kwa mlango, kama mzazi.

Lakini kuna jambo analolitaka kabla ya hilo. Leo mchana Suzanne alimweleza kinachomla Éliézer miaka yote hii: anaamini mke wake alikufa akidhani mumewe hakuja. Suzanne alijitolea kumpelekea jibu. Mama Phébé alimzuia.

"Nilizani anajua," anasema. "Ile maneno haipite ku mudomo ya jirani, wala ya mutoto. Siku ya mposho nitatosha kitambaa ku macho, nitamuangalia, nitamuambia: mwanangu, alisikia viatu vyako mu lupango. Akasema, 'Njo yeye, bwana yangu.' Halafu akaacha mukono yangu."