Nyumba Iliyosikia Nduru Ikaketi

Nduru ilipigwa asubuhi, tukiwa tunakunywa uji.

Kama wewe si wa huku kwetu, upande wa Ishiara, pengine hujui nduru ni kitu gani. Ni ule ukelele mrefu mtu anatoa akiwa kwa shida kubwa: mwizi, moto, nyoka, mtoto ameanguka kisimani. Ukiusikia unaacha kila kitu, hata sufuria ikiungua iungue. Hata kama jana wewe na huyo mtu mlitukanana mpaka mkatajiana wazazi, leo unakimbia, kwa sababu kesho anayelia ni wewe. Hakuna mahali imeandikwa. Mtoto anaona wakubwa wakikimbia, naye anakimbia.

Baba aliweka kikombe chini, akasikiliza. Sauti ilikuwa inatoka njia ya mtoni, kwa jirani yetu mmoja mama mzee. Sisi wote tunamwita Cucu, nyanya, ingawa si wa damu yetu. Alikuwa anaishi peke yake na punda wake wa kubeba maji. Na kando ya hiyo njia kuna mgunga mkubwa, na kwa huo mgunga baba alikuwa ametundika mzinga mpya wa nyuki juzi tu, kwa sababu maua yalikuwa yameanza.

Watu wakaanza kupita nyuma ya ua wetu mbio. "Nyuki! Leteni moshi! Leteni blanketi! Nyuki!"

Mama alikuwa ashafunga leso. Mimi nilikuwa nimeshika gunia.

"Ketini," baba akasema.

"Ati tuketi?" mama akauliza.

"Nikionekana huko sasa watasema ni mzinga wangu. Hata sijafungua mdomo, nitakuwa nimekubali makosa. Ketini. Watu ni wengi, watamsaidia."

Tukaketi. Siandiki ati baba aliketi, naandika tuliketi. Mimi nina kitambulisho, nimemaliza kidato cha nne, nangoja kuitwa chuo Embu mjini, na hapa kijijini kila mtu anajua siwezi kunyamaza nikiona kitu hakiko sawa. Siku hiyo nilinyamaza vizuri sana. Niliweka gunia kwa magoti kama mtu anangoja gari.

Ua wetu ni wa miti mikavu, mtu akipita anaona mpaka ndani. Wakatuona. Kijana mmoja aliyebeba matawi yanayofuka moshi alisimama kidogo akatuangalia, vikombe mbele yetu, akasema, "Nyinyi mnangoja nduru ya pili?" Kisha akakimbia. Baba akaangalia uji wake. Hakuunywa, lakini pia hakuinuka.

Walimuokoa Cucu. Walimrushia blanketi wakamvuta mpaka ndani ya nyumba, wakafunga mlango. Punda alikuwa amefungwa kamba kwa mti, na hakuna mtu aliweza kumfikia. Alikufa hapo hapo.

Baada ya siku hiyo watu hawakututukana. Ingekuwa afadhali. Walikuwa wanatusalimia wakiwa barabarani, vizuri kabisa, "Mko salama? Haya," na hakuna mguu uliingia kwa lango letu. Na hiyo ilikuwa wakati ndengu imekauka. Huku tunavuna kwa zamu: leo watu wote kwa shamba la huyu, kesho la yule. Zamu yetu ilifika, mama akaamka mapema akapika githeri, mahindi na maharagwe, sufuria ya watu wengi, na hakuna mtu alikuja. Tulikula hiyo githeri mpaka ikachacha.

Ndengu haingoji mtu. Jua likiipata, maganda yanapasuka yenyewe, mbegu zinamwagika kwa mchanga. Ukisimama shambani saa saba mchana unasikia ikipasuka, ta, ta, ta. Hiyo ndiyo ilikuwa chakula chetu cha mwaka, na hiyo ndiyo ilikuwa inipeleke chuo.

Mama alienda kwa naibu wa chifu kuuliza nini kinaendelea. Naibu akamwambia, "Mama, mimi siwezi kumshika mtu kwa sababu hakukimbia. Hiyo ni ya wazee." Na wazee walikuwa tayari wametuma neno kwamba tufike mbele yao.

Hapo ndipo nilijiona nina akili. Nilimwambia baba, "Wacha niongee mimi. Hawawezi kuonyesha nyuki walitoka mzinga gani. Hiyo inaitwa ushahidi." Baba ni mtu wa maneno machache, anaongea na nyuki kuliko watu. Akaniangalia, akasema, "Sawa, wewe umesoma." Siku ile nilifurahi. Sasa nikikumbuka alivyolisema hilo neno, nasikia vibaya.

Wazee huketi kwa ile stoo ya zamani ya pamba. Pamba iliisha kitambo, sasa ni popo na mabenchi ya kanisa. Walikuwa wazee watatu, na mama mmoja mwembamba ambaye waliongezewa juzi juzi, maana siku hizi lazima mwanamke awe hapo. Kijiji chote kilikuwa kimesimama ukutani. Cucu aliketi mbele, kitambaa kimefunga kichwa mpaka chini ya kidevu, jicho moja bado limefura halifunguki.

Niliposimama mtu huko nyuma akasema, "Wakili amefika! Mpeni maji ya kunywa!" Watu wakacheka.

Sikujali. Nikaongea. Nikasema mzinga una alama yetu, ndiyo, hatukatai, lakini nyuki hawana alama. Nikasema kwa ule mteremko kuna mizinga ya watu wengi, na pia kuna nyuki wa mwitu kwa mapango ya mtoni. Nikauliza nani alisimama chini ya mgunga akaona nyuki wakitoka. Nikaketi nikiwa nasikia joto kwa mashavu, joto zuri.

Mzee mwenye kofia ya sufu akaitikia kwa kichwa. "Huyu msichana ameongea ukweli. Nyuki hachukui kitambulisho. Akishatoka mlangoni ni wa Mungu. Mnasema aje?"

"Ni wa Mungu," wengine wakasema.

"Hiyo imeisha."

Nikamgusa baba kwa mkono, kama kumwambia, umeona? Nikaanza hata kuinuka.

"Unaenda wapi?" yule mama mwembamba akaniuliza. Sauti yake ni ndogo, ya mtu wa kwaya. "Kesi haijaanza."

"Kesi gani tena?"

"Ya nduru." Akamgeukia baba. "Baba, asubuhi hiyo ulikuwa wapi?"

Kwa hiyo hakuna mtu alikuwa amekuja kwa sababu ya nyuki. Kijiji chote kilikuwa kinangoja nimalize kuongea mambo ambayo hakuna mtu aliuliza.

"Nilikuwa nyumbani," baba akasema.

"Ulisikia?"

Baba akazungusha kofia yake mikononi. Halafu akasema, "Sikusikia. Redio ilikuwa juu."

Redio yetu iliharibika kabla ya mvua, na watu wanajua, maana mama huenda kusikiliza matangazo ya vifo kwa jirani. Hakuna mtu alicheka. Hapo ndipo niliogopa, kwa sababu hawa ni watu wa kucheka.

Yule mama akaniangalia. "Na wewe wakili, ulisikia?"

Nilikuwa na maneno mengi sana dakika chache kabla ya hapo. Nilimwangalia baba. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na vilikuwa na matope ambayo mama alimwambia atoe. Nikasema, "Redio ilikuwa juu."

Cucu ndiye aliongea. Hakusimama.

"Mimi sikulia kumshitaki," akasema. "Mnaongea kama nililia kumshitaki. Nililia kumwita. Huyu mwanaume nyuki wanamjua. Tangu akiwa kijana nimemwona akiwafukiza na moshi wanalala kama watoto. Nilipoumwa mara ya kwanza nilisema, wacha nimwite, ako karibu. Nikaita jina la baba yake, vile mimi humwita, ndiyo ajue ni mimi. Nikaita, nikaita." Akapangusa lile jicho. "Wengine walikuja na blanketi. Mungu awabariki. Lakini blanketi ingemfanyia punda nini?"

Basi. Sisi tulikuwa tumeketi tukiogopa kuitwa wakosaji, na kumbe tulikuwa tunaitwa kwa sababu baba ndiye peke yake angeweza. Hakuna mtu pale alikuwa amefikiria kumlaumu kwa mzinga. Sisi ndio tulifikiria.

Baba akafungua mdomo. "Nilisikia," akasema. "Redio imekufa. Nilisikia."

Mzee wa kofia akasema hukumu, na hakuisema kwa hasira, aliisema kama mtu anaeleza njia. Mbuzi mmoja, aliwe pale stoo na watu wote waliokimbia siku hiyo. Sisi tupike na tupakue, tusionje. Maji ya Cucu yabebwe na nyumba yetu mpaka apate punda mwingine. Baba apite boma kwa boma, kwa kila lango, aseme, "Nilisikia, nikaketi." Na lango letu libaki vile lilivyo, bila mgeni, mpaka siku Cucu mwenyewe ataliingia kwa miguu yake. Hakuna wa kumvuta na hakuna wa kumsukuma.

"Na wakili?" mtu akauliza huko nyuma.

"Wakili aende na mteja wake," mzee akasema. Hapo sasa wakacheka, na hicho kicheko ndicho nilirudi nacho nyumbani.

Tulipita. Baba anasimama langoni, anavua kofia, anasema. Mimi nami nasema, "Nilisikia, nikaketi." Mahali pengine walisema, "Haya, imesikika," wakarudi kwa kazi. Mahali pengine mama mmoja alianza kutuletea chai, akakumbuka, akarudi nayo. Kwa yule kijana wa matawi ya moshi nilitamani ardhi ifunguke. Alikuwa anaosha pikipiki. Baba akasema, mimi nikasema. Akatuangalia, akanionea huruma, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Akasema, "Rudini polepole, jua ni kali."

Mbuzi akaliwa. Mimi ndiye nilipakua.

Lakini Cucu hakuja, na ndengu ilikuwa inapasuka. Sisi watatu tulikuwa tunang'oa kuanzia kabla jua litoke mpaka mgongo ukatae, na shamba likawa kama halipungui. Chini ya mimea mchanga ulikuwa umegeuka kijani kwa mbegu. Kuku wa watu walikuwa wanakula wakinona.

Kila asubuhi nilikuwa nabeba maji ya Cucu kwa mgongo, kamba kwa paji la uso, nikipita mahali punda alikufa. Namwagia kwa pipa lake. Ananiambia asante. Anauliza mama ameamkaje. Ni hayo tu. Mimi nahesabu moyoni: leo atasema kesho nitakuja, leo atasema. Hasemi.

Siku moja nikashindwa. Mtungi ulikuwa bado mgongoni. Nikamuuliza, "Cucu, utakuja lini kwetu? Ndengu inaisha."

Alikuwa anachambua mboga. Hakuacha. "Kwani unanibebea maji ndiyo nije?"

Nilitaka kusema hapana. Neno likakataa kutoka, kwa sababu lingekuwa redio nyingine. Nikamwaga maji kwa pipa, mengine yakamwagika kwa miguu yangu, nikaenda. Njiani nilikuwa nalia na kujiambia ni jasho. Sikuwa nalia sababu ya ndengu. Nilikuwa nimeona vile mimi niko: hata adhabu nilikuwa naifanya kama biashara.

Kesho yake nikabeba maji tena. Sikuuliza kitu. Na siku iliyofuata.

Alikuja tukiwa tumebakisha kipande cha chini cha shamba. Nusu ya mavuno ilikuwa imeenda na mchanga, hiyo hairudi, na chuo nimeambiwa nitangoja mwaka mwingine. Tulikuwa uani tunapiga ndengu kwa fimbo juu ya turubai. Mama ndiye alimwona kwanza, akasimama fimbo juu hewani. Cucu alifika langoni, akapumzika akishika nguzo, akaingia. Alipita karibu na baba, akamwambia kwa Kimbeere, lugha yetu, jambo fupi ambalo halinihusu. Baba akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo, akarudi na kiti, uso umeoshwa.

Hazikupita dakika nyingi watu wakaanza kuingia na magunia yao, kama watu walikuwa wamesimama nyuma ya mti wanangoja. Yule mama mwembamba wa wazee. Kijana wa pikipiki. Wakaenda moja kwa moja shambani, wakianza kuchokozana vile watu huchokozana wakivuna. Ua ukajaa vumbi na kelele.

Mimi nilibaki nimesimama. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Sikujua niweke macho wapi. Nilikuwa nimezoea kuona haya watu wakiwa mbali, na sasa walikuwa hapa, wanagusa vitu vyetu, wanauliza ungo uko wapi. Nikaenda kwa Cucu, nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeyapanga siku nyingi nikibeba maji, na yalikuwa mazuri, na nikavuta pumzi nianze.

Akaniwekea ungo mkononi.

"Shika huko," akasema. "Pepeta. Na usiongee."