Siku ya Wafu na Mikate ya Walio Hai

Kijijini kwao, kwenye milima ya Rodope, ukisema "mama mkate" huulizwi ni nani. Ni Zdravka Kalaidjieva, meneja wa tanuri la ushirika: mfupi, sauti ya kengele, na kichwa kisichoridhika na jibu la haraka.

Majira yale ya kuchipua, maji yalimfika shingoni. Kila jioni mikate ilibaki ikaishia kwa nguruwe, na wanaushirika wakaitisha kikao: tanuri lifungwe, mkate uletwe kwa lori kutoka mjini. Spas, mwokaji wake wa miaka mingi, angekosa kazi.

"Kila asubuhi tunaoka wastani wa mauzo ya mwezi uliopita," Spas alinung'unika. "Hesabu ulipiga mwenyewe, dada."

"Ndiyo inayoninyima usingizi."

Kikaoni, palepale penye tanuri, alifika na mfuko wa maharage. Juu ya meza ya kukandia akapanga mafungu, kila siku ya mwezi ule na fungu lake, punje moja kwa mikate kumi iliyouzwa, kuanzia siku dhaifu hadi siku nono.

"Leo tunapikiwa supu?" alitania mwenyekiti Metodi.

"Tulia, kaka. Utakula baadaye."

Mafungu yalifanana kama mapacha. La mwisho tu lilikuwa mlima.

"Hii siku gani?" Zdravka aliuliza.

"Jumamosi ya Wafu, mwanangu!" akadakia bibi mmoja. "Nani asiyepeleka mikate makaburini?"

"Basi nilikosea mimi. Siku hiyo moja imeuvuta wastani juu, tukaoka kila asubuhi kana kwamba kijiji kizima kinakwenda makaburini." Akagusa fungu lililokaa katikati ya mstari. "Tuoke kwa siku kama hii. Mikate ya siku ya wafu, watu waagize mapema."

"Na mkate ukipungua?" mmoja akauliza.

"Atakayechelewa atakula wa jana nyumbani kwake. Hajafa mtu."

"Na nguruwe wangu je?" Metodi akaropoka.

Kicheko kililipuka. "Wapange foleni kama sisi!"

Mikono ikainuka: tanuri lijaribiwe hadi mavuno. Mavuno yalipofika, rafu zilikuwa tupu kila alasiri, na Spas bado alikuwa na unga hadi kwenye nyusi. Hakuna aliyezungumzia lori tena.

Siku majaribio yalipokwisha, Zdravka aliyapika yale maharage. Wa kwanza kufika na bakuli alikuwa Metodi.