Chanuo la Jirani

Desemba iliyopita nilipanda treni Tabora kwenda Mpanda, kumzika mama mmoja aliyekuwa jirani wa bibi yangu kule Shanwe. Treni ilichelewa, nikakuta wameshazika. Kwenye begi, katikati ya khanga mbili, nilikuwa na chanuo la mti lenye meno tisa. Lilikuwa la huyo marehemu. Nimekaa nalo tangu miaka ya tisini, na nisikufiche, ndugu yangu, hakunipa. Nililiiba.

Mwaka ule nilikuwa darasa la nne. Mama yangu alifariki mvua za kwanza zilipoanza, na siku ya kumaliza matanga bibi alinikalisha uani akaninyoa kichwa chote kwa wembe, kama ilivyo desturi ya kwetu kwa mtoto aliyefiwa. Alisema, "Nyasi huungua kiangazi, mvua ikija zinaota. Na hizi zitaota." Siku hiyo sikujali nywele. Nilianza kuzijali Krismasi ilipokaribia.

Unaikumbuka wiki ile. Uyoga wa porini unauzwa kwa bakuli kando ya barabara, kumbikumbi wanakaangwa kila jiko, treni ikipiga honi watu wanakimbilia stesheni kupokea mashangazi. Halafu ikifika tarehe ishirini na nne, tangu asubuhi, kila mlango una mama kakaa kwenye kigoda, na binti kakaa chini katikati ya magoti yake, anasukwa kwa uzi mweusi. Ukipita unasikia vilio vidogo na makofi ya mabega. Mama yangu alikuwa na mkono mzito. Nikijitikisa alinigonga kichwani kwa chanuo. Mwaka ule ningekubali kugongwa mpaka jioni.

Kwetu hapakuwa na maandalizi. Bibi alisema nyumba yenye msiba huenda kanisani lakini haipiki sikukuu. Basi nikaenda kukaa kwenye jiwe la mlangoni kwa jirani yule, nikimtazama anavyomsuka binti yake. Binti huyo alikuwa rika langu, tunasoma darasa moja. Nilitazama magoti ya mama yake yalivyombana mabega. Roho iliniuma mpaka mate yakawa machungu. Nikanyoosha mkono kugusa ule uzi.

"Usiguse, utanivurugia," binti alisema. "Kwanza wewe utasukwa wapi? Kwenye masikio?"

"Funga mdomo, nyoosha shingo wewe," mama yake alimwambia, akamvuta kichwa.

Upande mmoja ulikuwa umekwisha, umesimama vizuri kama miiba ya nungunungu, wakati mvua ilipokuja bila hodi. Walikuwa wameanika mpunga kwenye turubai. Wakainuka wote wawili, mbio. Chanuo likabaki kwenye kigoda. Nililichukua, nikaliweka ndani ya gauni, nikaenda kulichomeka kwenye nyasi za paa la jiko letu.

Walilitafuta mpaka chini ya vifaranga. Na siku ile, mtu wangu, huwezi kuazima chanuo Shanwe nzima, maana kila chanuo lipo kichwani kwa mtu. Nywele za upande wa pili zilikuwa zimelowa na kujikunja, hazishikiki bila kuchanwa. Binti akalia. Kesho yake alikwenda kanisani amefunga kitambaa, kimevimba upande mmoja. Nilikaa benchi la nyuma yake nikakitazama misa yote. Nilifurahi. Ningependa kukwambia nilijuta, lakini nilifurahi.

Mchana ule jirani alikuja kwetu na bakuli la wali wenye nyama ya mbuzi, limefunikwa sahani, na kikopo cha mafuta. Alimwamkia bibi, akampa pole tena, akaingia jikoni kuweka bakuli. Alikaa humo kidogo. Alipotoka alivuta kigoda, akakaa, akatanua magoti.

"Njoo hapa, mwanangu. Kichwa cha mtoto hakikai kikavu siku ya sikukuu."

Nikakaa chini katikati. Vidole vyake vilinuka kitunguu. Alinipaka taratibu, kuanzia kisogoni hadi kwenye paji la uso, kichwa kisichokuwa na unywele hata mmoja wa kushika. Binti yake alisimama mlangoni na kitambaa chake. "Mama, na mimi je?" akauliza. "Subiri zamu," akajibiwa. Nilifumba macho. Kwa muda ule mfupi sikuwa namwonea mtu wivu.

Chanuo sikulirudisha. Nywele zilipoota nilijichana nalo mwenyewe, nyuma ya jiko.

Basi Desemba hiyo iliyopita nilimkuta yule binti, sasa mama mtu mzima, amenyolewa kichwa. Wageni walipopungua nikamwekea chanuo mapajani na kumweleza yote. Aliligeuza, akahesabu meno.

"Mama alijua," alisema. "Aliliona kwenye nyasi za paa la jiko lenu, siku ile anapeleka wali. Aliponiambia nikataka kwenda kulichukua, akanishika sikio. Akasema, mwache nalo, nywele zake zitaota na hana wa kumchana." Akanirudishia. "Nilikuchukia mwaka mzima, dada. Yaani umechukua chanuo, ukachukua na mama."

Nilitaka kulia lakini kilichonijia ni ule wivu wa zamani. Yeye alikaa na mama yake mpaka akamletea wajukuu. Alisikia maneno yale kwa mdomo wa mama mwenyewe, mimi nikayasikia yakiwa yamechelewa kama treni. Halafu binti yake mkubwa akatoka ndani na mafuta, akakaa kwenye kiti, akasema, "Mama, sogea hapa." Na mama akasogea, akakaa chini katikati ya magoti yake, akapakwa kichwa. Nikatazama, kama zamani juu ya jiwe.

Jiko letu la nyasi lilishabomolewa, pamejengwa chumba cha kupangisha. Ilipofika tarehe ishirini na nne, mabinti walipanga foleni saluni. Nilizunguka mitaa yote, sikuona kigoda hata kimoja mlangoni.

Chanuo ninalo. Halijapungua jino. Magoti ndiyo sina.