Video Iliyofunikwa Juu na Chini

Waliokuwamo ndani ya basi siku ile nawataja kwanza, maana majina hayanitoki. Dereva alikuwa Mhoja, mtu wa Kishapu kama sisi, aliyeoa kwa jirani zetu. Konda alikuwa Shija, mdogo wangu wa tumbo moja. Kiti cha mbele yetu alikaa mzee Rajabali, mwenye duka la vitambaa pale Kahama, ambaye tulinunua khanga kwake tangu duka likiwa la baba yake. Nyuma yetu alikaa Kashinje, mchimbaji, anarudi mashimoni na sururu yake imefungwa kwenye gunia. Undugu naye hatukuwa nao, lakini kabla hatujafika Segese alikuwa ameshatutajia ukoo wake wote. Dirishani alikaa Nkwimba, mwanangu wa mwisho, miaka tisa. Utoto ninaousimulia ni wake. Wangu ulipita nyikani na ng'ombe, haukuwa na video.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha, na basi lenye video lilikuwa jambo la kusimuliwa kijijini wiki nzima. Televisheni yenyewe ilikuwa na mgongo mnene, imefungiwa kwenye kizimba cha nondo nyuma ya dereva, na kila tairi likiingia shimoni picha ilikatika mistari kisha ikarudi. Ndani kulinuka dizeli, dagaa na vumbi la pamba, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kuvuna na sote nguo zetu zilikuwa zimebeba manyoya yake. Nkwimba alikuwa amevaa gauni la kanisani. Nilimwambia tunakwenda Geita kwa mjomba wake Shija kutembea, na Jumatatu tutarudi sote. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kumwacha. Shija ndiye aliyenishauri nisimwambie. Alisema nikimwambia atalia njia nzima na kuaibisha watu.

Niseme kwa nini nilikubali. Mimi niliishia darasa la pili. Nkwimba alikuwa na akili, na shule yetu ilikuwa mbali, watoto wanafika wamechoka. Shija akasema Geita shule iko jirani na nyumba yake, atamsomesha yeye. Na Shija kwangu hakuwa ndugu hivi hivi. Ng'ombe walioletwa nilipoolewa mimi ndio waliokwenda kumwolea mkewe, Mama Doto. Kwetu ndugu wa namna hiyo anakubeba maisha yake yote, kwa sababu nyumba yake imesimama kwa ajili yako. Akikuomba mtoto amlee, hata baba wa mtoto hana la kusema. Nilimpa bila kuuliza la pili.

Sasa ile video. Ilikuwa filamu ya watu wa farasi, na picha ilikaa katikati ya kioo tu, kama khanga iliyoanikwa kwenye kamba. Juu kulikuwa na weusi, chini kulikuwa na weusi. Kashinje ndiye aliyeanza. Alisema yeye amelipa nauli ya video nzima, sasa konda aondoe hilo pazia, au anatuonea kwa kuwa tumetoka shamba. Basi zima likaitikia. Mimi pia niliamini kuna kitu kimefunikwa. Nilikuwa nainama, eti nione miguu ya farasi inakanyaga wapi. Shija akacheka, akajibu kwamba huku bado ni njia ya vumbi, tukifika Geita mwenye basi ataufungua huo weusi tuone yote, juu na chini. Watu wakatulia.

Mzee Rajabali akageuka. Nkwimba akamwamkia, naye akaitikia marahaba, kisha akasema na mimi taratibu. "Mama, hakuna kilichofunikwa. Filamu imetengenezwa pana, ya ukuta wa sinema. Kioo hiki ni chembamba. Wameipunguza ili iingie yote."

"Mzee, wewe tupimie vitambaa," Kashinje akamwambia. "Video tuachie wenye basi." Watu walicheka, na mimi nikacheka.

Nkwimba hakucheka. Alinivuta mkono. "Mayu," ndivyo alivyoniita, kama watoto wote wa Kisukuma wanavyowaita mama zao, "kati ya huyu mzee na mjomba, nani anasema kweli?"

Nikamjibu, "Mjomba wako hawezi kutudanganya."

Geita, gari lilipozimwa, televisheni nayo ikazima. Abiria walishuka wote na mizigo yao. Nkwimba alibaki kitini amekaza macho kwenye kile kizimba, akimwambia mjomba haya, sasa fungua. Shija alimbeba begani akamshusha huku akicheka. Kesho yake alfajiri niliondoka.

Nilirudi miezi minne baadaye, pamba imeshauzwa, nimembebea madaftari. Nilimkuta nyuma ya mgahawa wa Mama Doto, anasugua masufuria ya wachimbaji kwa majivu, vidole vimepasuka. Mama Doto akasema, wifi, shule imejaa, tunasubiri nafasi. Nikaenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe. Akaniambia nafasi zipo, na hakuna mtu aliyekuja kuuliza. Shija nilipomshika hakuona hata haya. "Dada," akasema, "kwani amelala njaa?" Nilimchukua mwanangu siku ile ile. Kwenye basi la kurudi video iliwashwa tena, naye akageukia dirishani mpaka Kahama. Alirudia darasa na watoto aliowazidi umri. Shija na mimi tulizikana mioyoni tungali hai.

Siku hizi Nkwimba ana gari lake, anaishi Nyasubi, pale pale Kahama mjini, na nyuma ya viti vya mbele kuna vioo viwili vya watoto kuangalia filamu. Weusi ule bado upo, juu na chini. Mjukuu wangu Minza alinieleza kama alivyonieleza mzee Rajabali, karibu maneno yale yale, nami nikamwambia najua. Magari yamekuwa mazuri, barabara ni lami, na mtoto wa leo akiambiwa jambo anakwenda kulitafuta mwenyewe kwenye simu. Wa kwangu alikuwa na mimi tu wa kumuuliza.

Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, Minza akaninyooshea herufi. Kama kuna aliyekuwamo, na nimekosea jina au kiti, anisahihishe. Liko moja ambalo Nkwimba ananipinga hadi leo. Mimi nakumbuka ile alfajiri ya Geita nilimwacha amelala. Yeye anasema alikuwa macho, na kwamba nilimwona yuko macho, nikafunga mlango. Kama ni hivyo, basi mimi ndiye niliyekosea.