Barua Fupi ya Mtumbwi wa Mama Sifa

Siku yangu ya kwanza katika biro ya bandari ya Kalundu, Chef wa Sekretariati, mkubwa wangu, alinionyesha mashine ya kuandika, akaniambia: "Binti, barua ya ombi inaanza na heshima. Ombi lenyewe linakuja mwisho. Ukianza na ombi, watasema hukulelewa." Nikashika hilo kama katekisimu. "Haute bienveillance", yaani ule wema wa mkubwa tunaousifu kabla hatujauona, nilikuwa naipiga bila kutazama vidole. Nilijivuna, sitaficha.

Halafu vita vikafika. Wakubwa wakabadilika, mihuri ikabadilika, miye na mashine yangu tukabaki.

Ndipo akaja Mama Sifa, mjane muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Askari walikuwa wamechukua mtumbwi wake, na ndio uliokuwa unalisha watoto wake watano. Jumamosi ungepelekwa kusini, na vilivyokwenda kusini havikuwa vinarudi. Nikampigia ukurasa mzima wa kumpelekea Komanda wa askari hao, mtamu kabisa.

Kumbe Komanda hakuwa anajua kusoma. Mlinzi wake alimsomea barua pale pale kwenye kizuizi chao cha barabarani. Akafika "haute bienveillance", akakwama, akarudia, akakwama tena. Komanda akauliza, "Huyu muntu anataka nini?" Mlinzi hakujua. Ombi lilikuwa chini kabisa.

Mama Sifa akarudi na karatasi mkononi. "Dada, barua yako ni muzuri sana. Mtumbwi iko wapi?"

Niliona aibu, jamani. Kesho yake, Ijumaa, nikaenda kukaa karibu na kizuizi, eti nachagua mihogo, kumbe namsikiliza Komanda. Alikuwa anasalimia wazee na kuuliza habari za nyumbani, lakini maneno marefu aliyakata. Nikarudi nikapiga: "Jambo, Komanda. Mama yako iko salama? Miye Sifa, mama wa watoto tano. Naomba mtumbwi wangu."

Chef akashika kichwa. "Hii ni barua? Bienveillance iko wapi?"

"Iko kwa Komanda, Chef. Tutaikuta huko."

Akanung'unika, lakini muhuri akaugonga. Mama Sifa akaipeleka, na mlinzi akaisoma kwa pumzi moja. Komanda akacheka. "Huyu anajua kusema. Mumurudishie."

Tangu hapo, kabla ya kuweka karatasi kwenye mashine, niliuliza: nani atasoma, na nani atasikiliza? Nyinyi vijana mnaoandika leo, msidanganywe kwamba anayegeuza maneno yake hana msimamo. Ombi la Mama Sifa halikubadilika hata chembe. Nililitoa tu chini ya maneno marefu, nikaliweka mahali pa kusikika.

Sasa nimestaafu, na asubuhi nateremka Kalundu kununua ndagala. Mama Sifa alipaka mtumbwi wake rangi upya, na ubavuni, pale wengine wanapoandika jina, akaandikisha kwa herufi nyekundu: NAOMBA MTUMBWI WANGU. Kurasa zangu nyingine zote zililiwa na panya na moto wa vita. Hiyo bado inavua.